Sikio la Gereji Yetu Linastaafu: Évariste Mushagalusha

Ndugu Évariste Mushagalusha anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Machi 2026, baada ya miaka kumi na tisa ya kazi katika gereji yetu ya Kings Heath, Birmingham. Aliingia mwaka 2007 akiwa na miaka arobaini na saba. Anatoka akiwa na sitini na sita. Ukijumlisha na ile aliyofanya kazi Bukavu kabla vita havijamtoa kwao, ni zaidi ya miaka arobaini chini ya magari. Wafanyakazi wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri, na kwa sababu wanasema najua kuhesabu. Waliniomba pia niuandike kwa furaha. Hilo la pili nitajaribu.

Kazi aliianzia kwenye karakana ya misheni huko Bukavu, akihudumia Land Rover kuukuu zilizokuwa zikipanda milima na mizigo ambayo hazikuundwa kuibeba. Spea zilikuwa hazipatikani, kwa hiyo fundi hakuruhusiwa kufungua kitu kwa kubahatisha. Ulisikiliza kwanza, ukahakikisha, ndipo ukashika spana. Évariste alipenda kusema kwamba gari la Mwingereza lina tabia moja nzuri: linalalamika mapema. Mengine yanakufa kimya, lakini hili litakupigia kelele mwaka mzima likikuomba ulitazame.

Siku ya usaili alinijia na wasifu wake kwa Kifaransa, lugha ambayo sijui hata salamu yake. Nikauweka kando, nikampeleka kwenye MG moja ya zamani iliyokuwa imeshabadilishwa klachi mara mbili kwingine na bado inanguruma. Akaniomba nizime redio. Nikazima. Akaomba nizime kompresa. Nikazima. Akaomba Rajvinder, fundi wetu wa matairi, aache kugonga rimu. Rajvinder alimtazama kama mtu aliyeambiwa avue viatu katikati ya barabara, lakini akaacha. Nimeijenga gereji hii kwa mikono yangu, nikianza na jeki mbili na zamu za kulea wazee, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu anayeniomba kazi kunipa amri tatu mfululizo ndani yake. Kisha Évariste akachukua mpini wa ufagio, ncha moja akaiweka kwenye giaboksi, ya pili kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akasema klachi ni nzima, wangeweza kuibadilisha hata mara ya tatu na bado ingenguruma. Kinacholia ni beringi ya giaboksi. Tulifungua. Ilikuwa hivyo.

Tangu hapo ukawa ndio utaratibu wetu, ingawa hakuna aliyeuweka. Évariste akinyanyua ule mpini, gereji nzima inanyamaza. Rajvinder anashusha nyundo. Idarous, fundi wetu wa umeme, anazima umeme. Nafiso wa mapokezi anamwambia mteja kwenye simu asubiri kidogo. Hukumu ikishatoka, haijadiliwi. Wateja wapya walidhani ni saa ya sala.

Kwa wale watakaosoma hapa bila kuyajua magari, nieleze kwa ufupi, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea. Klachi ya gari la zamani ina njia tatu za kulia. Kama kelele ipo wakati hujakanyaga pedeli, na ukikanyaga inakatika, tatizo liko kwenye giaboksi. Kama inaanza mara tu mguu unapogusa pedeli, ni ile beringi inayosukuma klachi. Na kama inaanza ukiwa umekanyaga hadi chini, gari limesimama, gia imeingia, basi ni bushi ndogo ya shaba iliyojificha nyuma ya injini, isiyozidi pete ya kidole, imekauka mafuta. Kelele ya kwanza ni nene. Ya tatu ni nyembamba. Évariste aliziita baba, mama na mtoto mchanga, na alisema anayeshindwa kuwatofautisha hao watatu hajawahi kulala nyumba yenye familia.

Kwa hesabu zangu, kati ya kila magari mia ya klachi yaliyopita mikononi mwake, lililorudi lilikuwa moja, na mwenye gari hilo alikuwa na mazoea ya kuendesha mguu ukiwa umelala juu ya pedeli. Kipimo chake kilikuwa kimoja tu: hakutoa gari mpaka yeye mwenyewe alisikie limetulia. Mteja angeweza kusimama mlangoni na koti begani, akikohoa na kutazama saa. Évariste hakuona aibu.

Mazungumzo yake na Idarous yatatupungukia sana. Idarous ni mtu wa Lamu, na Kiswahili cha Évariste kilimpa maumivu ya meno. Évariste alisema ambreyaji, Idarous akasema klachi. Évariste alisema niko nafunga, Idarous akamwuliza yuko wapi. Siku moja Évariste akamjibu kwamba Kiswahili cha Lamu ni kizuri sana kwa harusi, ila yeye ana kazi ya kufanya. Nafiso alicheka hadi akakata simu ya mteja.

Mwaka 2021 alijiunga nasi Kerubo, aliyekuwa ameacha kulea wazee ili arudie ufundi aliousomea Kisii. Miaka miwili baadaye tukaanza kuona Évariste akimwita kila linapoingia gari la klachi. Anampa mpini wa ufagio na kumwuliza anasikia nini. Kerubo anaeleza. Évariste anafumba macho, anamwuliza tena: ni nene au nyembamba, inaanza wapi, inaishia wapi, inafanana na nini. Mwanzoni Kerubo alikuwa anatokwa na jasho. Baadaye akawa anajibu kabla hajaulizwa. Sote tuliona jambo zuri. Mzee anarithisha kazi yake. Nilimwambia Rajvinder ajifunze na yeye kufundisha watu namna hiyo, akaniambia matairi hayasemi.

Sasa nifike kwenye Morris.

Oktoba iliyopita Kerubo alikwenda nyumbani kwenye harusi ya dada yake. Wiki hiyo Mama Brigid alileta Morris Minor yake. Wengi wenu mnamfahamu: mjane wa Kiairishi, mkaazi wa hapa hapa Kings Heath, na gari lile ndilo alilopelekwa nalo hospitali kujifungua. Alieleza kwamba linapiga kelele akisimama kwenye taa za High Street. Aliyasema hayo huku amegeuka akilitazama gari, na Évariste akaitikia kwa kichwa.

Mimi sikuwepo, nilikuwa Great Barr kufuata gari lililokwama. Nilichosimuliwa ni hiki. Gereji ilinyamaza kama kawaida. Kerubo hakuwepo wa kupewa mpini, kwa hiyo Évariste alisikiliza mwenyewe, na safari hii akaweka na kiganja juu ya giaboksi. Pedeli ikiwa juu, alihisi mngurumo. Akamwomba Rajvinder aikanyage. Mngurumo ukakatika. Kwake yeye hiyo ilikuwa ishara kamili: giaboksi. Lakini pale pale mngurumo ulipokatika, mlio mwembamba ulianza, mkali kama filimbi ya refa. Rajvinder aliusikia. Idarous aliusikia. Nafiso aliusikia akiwa nyuma ya kioo cha mapokezi. Évariste akasema giaboksi ishushwe.

Watu watatu, masikio sita, na hakuna aliyefungua mdomo. Nimewauliza mmoja mmoja. Idarous alidhani mzee amesikia kitu kilichofichwa nyuma ya ule mlio, kitu ambacho sisi wengine hatukifikii. Nafiso alisema yeye ni wa simu. Rajvinder alisema yeye ni wa matairi, na tena, unamwambiaje mtu kama yule. Mtu wa Lamu, Msomali na Mpunjabi. Malezi matatu tofauti, kosa moja. Wote walilelewa kwamba mkubwa akisema hakatizwi. Siwalaumu zaidi ya hapo, maana wameshajilaumu wenyewe, lakini nimeamua liandikwe.

Giaboksi ikashushwa. Beringi ya mbele ilikuwa imechoka kidogo, kama ya gari lolote la umri ule, akaibadilisha. Alipomaliza akaweka kiganja: mngurumo umekwisha. Akatoa gari.

Mama Brigid alirudi siku ya tatu. Safari hii nilikuwepo. Hakugomba. Aliliingiza gari ndani, akaliacha linaunguruma, akakanyaga pedeli hadi chini na kuishikilia. Mlio ule ulijaza gereji hadi kwenye mabati. Évariste alikuwa amesimama hatua moja kutoka dirishani kwake. Alisikiliza, kichwa ameinamisha kidogo upande, kama alivyosikiliza magari miaka yote. Kisha akatabasamu, akamwambia kwa Kiingereza chake cha adabu kwamba sasa liko salama kabisa.

Sijui niwaelezeje kimya cha watu kwenye kelele ile. Rajvinder alitazama sakafu. Mama Brigid ndiye aliyezima injini. Akashuka, akaja akasimama mbele ya Évariste, karibu, uso kwa uso, na akasema polepole kila neno peke yake:

"Mume wangu alifanya kazi kwenye mashine za kukandamiza mabati miaka thelathini. Najua hiyo namna ya kutabasamu. Tangu lini, Évariste?"

Évariste alitutazama sote, mmoja mmoja, akaona kwenye nyuso zetu kwamba mlio ulikuwepo. Alivua glavu. Akajibu kwamba ni miaka miwili, labda na zaidi. Kisha akaomba radhi, akaenda kukaa kwenye kiti cha stoo, na hakuna aliyemfuata kwa muda.

Kumbe nyumbani nako hawakujua. Mama Rosalie, mkewe, alidhani mumewe amemkasirikia kwa jambo ambalo hakulitaja. Alijaribu kulikumbuka mwaka mzima asilipate. Watoto wao wa mwisho, Magloire na Francine, waliozaliwa hapa Birmingham, walikuwa wamezoea kumjibu baba kwa Kiingereza, na sheria ya siku zote ya Évariste ilikuwa kwamba ndani ya nyumba yake Kiingereza hakisikiki. Kwa hiyo alipoacha kuitikia, walidhani amekaza sheria. Francine ameniambia kwamba ndiyo sababu Kiswahili chao kimenyooka: walikuwa wanarudia na kurudia, kwa sauti, wakitafuta neno gani litakubaliwa.

Mpimaji wa masikio alimchorea mstari. Sauti nene zipo karibu zote. Ukipanda kuelekea nyembamba, mstari unaporomoka, na hapo ndipo wanapokaa ndege, watoto, nusu nzima ya herufi za maneno tunayosema, na bushi ya shaba iliyokauka. Ni kazi ya nyundo za upepo na kompresa, alisema, na usikivu huo hautarudi.

Nina kinyongo na Évariste, na kwa kuwa sasa anasoma vizuri kuliko anavyosikia, nitakiandika hapa. Vizibo vya masikio vilikuwepo. Nilinunua jozi nzuri kwa kila mtu, nikazitundika ukutani, jina la kila mmoja juu yake. Ya kwake ilikaa pale ikipata vumbi. Nilimfokea zaidi ya mara moja. Akaniambia kwamba akiviziba hatasikia gari linamwambia nini, na gari likishindwa kumwambia, yeye ni wa nini pale. Nikamwacha kwa sababu klachi zilikuwa hazirudi. Kila siku alitumia kile kile alichotakiwa kukilinda. Na kilipoanza kwisha, hakumwambia mtu hata mmoja ambaye angeweza kumsaidia.

Kerubo alirejea Jumatatu. Évariste alikuwa anamsubiri kando ya Morris. Hakumpa mpini. Alimwomba tu asikilize. Kerubo hakuhitaji hata kuinama. Akasema ni bushi ya shaba, mzee, ile ya nyuma ya injini. Évariste akamweleza yote, mbele yetu, hakuficha kitu. Kerubo alisimama na begi lake la safari bado begani.

"Miaka miwili nilidhani unanifundisha," akasema.

"Nilikuwa nakufundisha, mama," akajibu. "Tena nilikuwa nakuomba. Vyote viwili vilikuwa kweli."

Kerubo aliingia chooni, alikaa humo kitambo. Alipotoka alivaa ovaroli.

Évariste alikataa mtu mwingine aishushe ile giaboksi mara ya pili. Tulimsaidia kuibeba tu. Aliitoa bushi ya zamani, mpya akailowesha kwenye oili hadi kesho yake ili inywe vizuri, akaipachika kwa mkono uliotulia kuliko wangu. Mikono yake haina tatizo lolote, jamani. Mikono ile ingeweza kufanya kazi miaka kumi mingine.

Mama Brigid akaitwa. Aliketi kwenye gari lake, akawasha, akakanyaga pedeli hadi chini. Tulizima kila kitu. Évariste hakugusa giaboksi wala hakuinamisha kichwa. Alisimama akimtazama Kerubo usoni.

"Niambie."

"Imetulia, mzee. Hakuna kitu."

Alimtazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anatafuta kama kuna huruma ndani ya jibu. Haikuwepo, gari lilikuwa kimya kweli, naapa. Kisha akamfungia Mama Brigid mlango na kumpungia mkono aende. Katika miaka yake yote pale ndani, ndiyo mara ya kwanza aliyotoa gari waziwazi kwa neno la mtu mwingine.

Wiki chache baadaye alikuja ofisini kwangu kuaga. Nilimpinga. Nilimwambia kuna vifaa vya masikio, ameshapewa. Akasema amevijaribu, na gereji kupitia vile vifaa ni kama sahani mia zinazoanguka kwa pamoja. Nikamwambia akae kaunta. Akasema kaunta inataka masikio kuliko giaboksi, maana giaboksi haichukii ukiiambia irudie. Nikamwambia Kerubo atamsikilizia, kazi itaendelea kama ilivyokuwa ikiendelea, sasa bila siri. Hapo ndipo aliponijibu:

"Kerubo namwamini. Lakini kuamini si kazi yangu, Mugo. Kazi yangu ilikuwa kusikia."

Nilimwomba abaki walau hadi mwisho wa majira ya baridi, akakubali, na miezi hiyo yote ameitumia kumwonyesha Kerubo yale ya mikononi, kwa kuwa ya masikioni anayo tayari. Kuanzia Jumatatu tarehe 30, Kerubo ndiye fundi mkuu wa gereji yetu. Amefundishwa na mtu aliyekuwa anamhitaji, na naona hiyo ndiyo sababu amejua kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwaona. Amevaa vizibo tangu Novemba na anavivua tu wakati wa kusikiliza. Sote tumevaa. Hata Rajvinder.

Évariste, kwa niaba ya wenzako wote: ahsante kwa Land Rover, MG, Mini na Morris zilizorudi barabarani kwa ajili yako. Ahsante kwa kutunyamazisha, ingawa tulilipokea somo hilo kupita kiasi. Ahsante kwa Mama Rosalie aliyetuazima mumewe. Tunasikitika. Sitaandika kwamba tunafurahi, kwa sababu si kweli, na wewe hujawahi kutoa gari huku ukijua bado linalia.

Hafla ya kumuaga ni Jumamosi tarehe 28 Machi, saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa lao Great Barr. Kwa watakaozungumza, na hili nalisisitiza: msimwagie hotuba kwa mbali na kipaza sauti. Spika za ukumbi zimezimwa kwa amri yangu. Kila mwenye neno atakwenda hadi pale alipoketi, atakaa kwenye kiti kilichowekwa mbele yake, upande wa kushoto anakosikia afadhali, kwenye mwanga, na atamwambia akimtazama, polepole, bila kupiga kelele na bila kufunika mdomo. Akikuomba urudie, rudia. Usimwambie haidhuru. Foleni itakuwa ndefu, nimeikadiria muda wa saa mbili na nusu, na chakula kitasubiri. Heshima ya kumnyamazia tumeshampa ya kutosha.

Uishi salama, Papa Évariste, na wako wote, na siku zilizobaki ziwe nyingi na nyepesi. Mengine nitakwambia Jumamosi, nikifika kwenye kiti.

Mugo
kwa niaba ya wafanyakazi wa gereji